Shajara ya mradi: faili isomeke kabla mashine haijaigusa

Siku ya 1

Mradi wenyewe kwa ufupi. Tunatunza kwa kujitolea mwongozo wa programu huria, faili 61, zote zimeandikwa kwa HTML, lugha ya alama za kurasa za wavuti. Tunazihamishia kwenye maandishi matupu yenye alama chache. Wasomaji wetu wengi hawauoni mwongozo huu ukiwa ukurasa uliopambwa. Wanaufungua kwenye dirisha la amri au kwenye kihariri, au mtu amewanakilia kipande chake ndani ya barua pepe. Hao wote husoma faili ghafi, na miaka yote hii wamekuwa wakisoma mambo kama haya:

    <p>Kabla ya kuanza, <strong>hifadhi nakala</strong> ya
    <a href="mipangilio.html">faili ya mipangilio</a>.</p>

Sentensi hiyo ina maneno tisa. Ili uyapate, jicho linaruka vizuizi sita, na kimoja kimebeba anwani nzima tumboni. Mtu aliyezoea huvuka bila shida. Ila aliyezoea ndiye anayeuhitaji mwongozo kidogo kuliko wote.

Tumechagua Markdown, namna ya kutia alama chache kwenye maandishi matupu, kwa kufuata CommonMark, ufafanuzi unaoeleza kwa makini kila alama yake isomweje na mashine. John Gruber alipoitoa Markdown mwaka 2004, akisaidiwa na Aaron Swartz, shabaha yake ilikuwa andishi lisomeke kama lilivyo, bila kuonekana limetiwa alama. Shabaha hiyo ndiyo yetu. Lakini kuchagua lugha hakumalizi kazi: ndani ya Markdown karibu kila jambo lina njia mbili au tatu za kuliandika, na si zote zinasomeka. Shajara hii nitaitumia kuweka kumbukumbu ya tulichochagua na kwa nini, ili atakayekuja baada yetu asianze upya.

Siku ya 3

Leo tumefanya jaribio ambalo sasa nataka tulifanye kwa kila faili.

Tunaye msahihishaji wa lugha, mtu mzima, mwalimu mstaafu. Hajui Markdown wala hajawahi kuhitaji kuijua. Nilimfungulia faili ghafi ya kwanza, nikamwomba anisomee kwa sauti.

"Mwanangu, hizi nyota nazisoma au naziruka?"

"Soma unavyoona inafaa, Mwalimu."

Akaanza. Alipofika kwenye *usiifute* sauti yake ikapanda kidogo. Kwenye orodha yenye vistari alitua kabla ya kila kipengele. Kwenye mstari mtupu alivuta pumzi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kisha akakutana na hiki:

    Fungua [faili ya mipangilio](../../marejeo/mipangilio.md#sehemu-ya-pili) kisha badilisha mstari wa kwanza.

Alisoma "fungua faili ya mipangilio", akaingia ndani ya mabano, akatamka nukta mbili, mkwaju, nukta mbili tena, akasita. Alipotoka upande wa pili akaniuliza, "Ilikuwa inasema nini vile?"

Nimeandika swali hilo juu ya orodha yetu ya kazi. Kwangu limegawa alama katika makundi matatu. Ipo alama ambayo sauti inaitii, kama nyota na mstari mtupu. Ipo ambayo jicho linairuka bila kujali. Na ipo inayomsahaulisha msomaji sentensi aliyokuwa ndani yake. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoiwinda.

Alizitii nyota na vistari kwa sababu ni tabia za kale kuliko Markdown. Watu waliokuwa wakiandikiana barua pepe na ujumbe wa Usenet (mabaraza ya mtandaoni ya zamani) hawakuwa na herufi nzito wala za italiki, wakaweka nyota kandokando ya neno na kistari mbele ya kipengele. Kabla yao, waliopiga taipureta walipigia vichwa mstari kwa chini na kutenganisha aya kwa nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ian Feldman alizikusanya tabia hizo kuwa kanuni aliyoiita setext, ikatumika kwenye jarida la barua pepe la TidBITS: mwenye programu ya kulisoma alipata vichwa na mapambo, na asiye nayo alisoma barua ya kawaida wala hakukosa kitu. Gruber naye alikiri kwamba barua pepe ndiyo iliyompa mwongozo mkubwa zaidi.

Siku ya 4

Viungo. Tumehamia kwenye marejeo: ndani ya sentensi linabaki jina tu, anwani inakaa mwisho wa sehemu.

    Fungua [faili ya mipangilio][mipangilio] kisha badilisha mstari wa kwanza.

    [mipangilio]: ../../marejeo/mipangilio.md#sehemu-ya-pili

Kuna aliyependekeza lebo ziwe namba, [1], [2], kwa kuwa ni fupi. Nimekataa. Namba humlazimisha msomaji ashuke chini ajue ni nini, apande tena kutafuta alipoachia. Jina linajieleza palepale.

Mahali ambapo lebo na maneno ni kitu kimoja, tunaandika [mipangilio] peke yake, na CommonMark inaelewa. Hapo mabano mraba yanakuwa mepesi kiasi kwamba Mwalimu aliyaruka bila kupunguza mwendo.

Siku ya 6

Vichwa vya habari. Nilidhani hili litachukua dakika kumi.

Markdown ina namna mbili. Ya kwanza imetoka kwa setext: unaandika kichwa, chini yake unapiga mstari wa alama za sawa au vistari. Ya pili ni kuanza mstari kwa reli (alama #), moja hadi sita kulingana na ngazi. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza bila kusita. Kichwa kilichopigiwa mstari kinaonekana ni kichwa hata kwa mtoto:

    Kuhifadhi nakala
    ================

Kisha akaandika dada mmoja anayechangia nasi, ambaye haoni na hutumia programu inayomsomea skrini. "Kaka, hicho kichwa naambiwa ni kichwa baada ya kukimaliza kukisoma, tena kwa kuimbiwa sawa, sawa, sawa, sawa. Na reli mbili nikizisikia mwanzoni, najua niko wapi kabla neno halijaja."

Nikajaribu mwenyewe, skrini nimeizima. Ni kweli tupu. Mstari wa chini ni alama ya jicho: jicho huona vitu viwili kwa pamoja, juu na chini. Sikio hupokea kimoja kimoja, kwa hiyo linahitaji alama itangulie. Halafu mistari ya chini katika Markdown ina ngazi mbili tu. Ya tatu inabidi urudi kwenye reli hata hivyo, na faili inakuwa na mitindo miwili. reStructuredText, lugha nyingine ya alama za maandishi matupu, iliruka kizingiti hicho kwa kuruhusu karibu alama yoyote iwe mstari wa chini, na ngazi inajulikana kwa kufuata alama ipi ilitangulia kutumika kwenye faili. Mashine inaweza kukumbuka hilo. Msomaji aliyedondokea katikati ya faili ndefu hana pa kujulia kama vistari vya mawimbi ni ngazi ya pili au ya nne.

Tumechukua reli. Ili jicho lisipoteze, tumeweka mistari miwili mitupu kabla ya kila kichwa na mmoja baada yake. Mashine haihesabu mistari mitupu ya ziada, kwa hiyo haigharimu chochote, na faili ikitazamwa kwa mbali inagawanyika vizuri. Ufafanuzi wa CommonMark unadai pia nafasi baada ya reli, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote: reli iliyogandana na neno inasomeka kama hashtag, na siku hizi watu huandika hashtag kila mahali.

Siku ya 7

Fupi. Wachangiaji wapya wanaandika *muhimu* wakitegemea herufi nzito, wanapata italiki. Wametoka WhatsApp, ambako nyota moja ni herufi nzito. Sitawasahihisha mmoja mmoja. Kwa msomaji wa faili ghafi nyota moja na nyota mbili zinasema jambo lilelile: tia mkazo hapa. Tutatumia moja kwa kila kitu, na mbili tubaki nazo kwa maonyo ya kupoteza data peke yake.

CommonMark ina kanuni 17 za kuamua nyota ipi inafungua mkazo na ipi inaufunga. Nimezisoma zote, na zinastahili heshima. Mwandishi anahitaji moja tu: nyota ikumbatie neno, isiache nafasi kati yake na herufi.

Siku ya 9

Leo nimepoteza saa tatu kwa sababu ya nafasi mbili.

Kwenye ukurasa wa amri, mistari mitano iliyotakiwa kusimama mmoja chini ya mwingine ilikuwa imeungana kuwa aya moja. Faili ghafi ya leo na ya jana nikaziweka ubavu kwa ubavu: herufi kwa herufi, sawasawa. Nikabadilisha programu ya kutengeneza kurasa, hakuna tofauti. Mwishowe nikawasha kwenye kihariri ule mpangilio unaoonyesha nafasi kama vinukta, ndipo vikaonekana. Jana kila mstari uliishia na vinukta viwili. Leo hakuna hata kimoja. Mchangiaji alikuwa ameifungua faili kwa kihariri kinachofagia nafasi za mwisho wa mstari kila anapohifadhi. Hakufanya kosa, vihariri vingi vimepangwa hivyo, na ni usafi mzuri.

Kosa liko kwenye kanuni. Katika Markdown, nafasi mbili mwishoni mwa mstari maana yake ni "kata hapa". Na mwaka uleule wa 2004 ilitolewa RFC 3676, waraka wa kanuni za mtandao unaoeleza barua pepe ya maandishi matupu inayojipanga upya kulingana na upana wa skrini. Humo, mstari unaoishia na nafasi maana yake ni "sijamaliza, niunge na unaofuata". Alama ileile, mahali palepale, haionekani, na maana zinapingana. Kipande cha mwongozo wetu kikisafiri kwa barua ya namna hiyo kinaweza kufika kimegeuka, na aliyetuma asijue.

Nimetafakari kwa nini nafasi ya mwisho wa mstari inaniudhi na ya mwanzo hainiudhi. Zote ni utupu. Lakini nafasi ya mwanzo ina herufi mbele yake. Herufi imesukumwa, na jicho linaona ilivyosukumwa. Nafasi ya mwisho haisukumi kitu. Ndiyo maana ujongezaji ni alama halali na nafasi ya mwisho siyo.

Hata ujongezaji una mtego wake, nao ni tabu, ile nafasi inayowekwa na kitufe cha Tab. CommonMark huhesabu vituo vya tabu kila baada ya nafasi nne. Madirisha mengi ya amri huvionyesha kila baada ya nane. Hapo ninachokiona na kinachosomwa na mashine ni vitu viwili tofauti.

Maamuzi ya leo: hakuna tabu popote. Hakuna nafasi mwisho wa mstari, na programu yetu ya ukaguzi itaikataa faili inayoleta. CommonMark inaruhusu mkwaju wa nyuma (\) mwishoni mwa mstari ufanye kazi ya zile nafasi mbili, na huo walau unaonekana, lakini msomaji hajui ni wa nini. Kwa hiyo hatukati mistari kabisa. Vitu vinavyotaka kusimama kila kimoja peke yake viwe orodha. Amri ziwe kwenye kizuizi chenye uzio (mstari wa alama ```) juu na chini. Uzio si mzuri kama ujongezaji mtupu wa nafasi nne, nakiri. Ila ndani ya orodha ujongezaji tayari una kazi nyingine, na alama moja yenye kazi mbili imeshatutosha kwa wiki hii.

Siku ya 11

Msomaji alitafuta neno "kung'oa" kwenye kurasa zilizotengenezwa, kisanduku chetu cha utafutaji kikajibu hakuna. Neno lipo mara kadhaa. Programu yetu ya kupamba ilikuwa inageuza kila kidole (ile alama ya ') kilichonyooka kuwa kilichopinda, kama mapambo ya nukuu yanavyotaka, na kilichopinda ni herufi nyingine kwa kompyuta.

Kwenye lugha nyingine hilo laweza kuwa pambo. Kwetu kidole hicho ni sehemu ya herufi. Ndicho kinachotenganisha sauti ya ng'ombe na ya ngoma. Tumeyazima mapambo ya nukuu. Kilicho kwenye faili ndicho kinachokwenda kwenye ukurasa.

Siku ya 13

Urefu wa mistari. Tulikuwa tunaikata kwenye herufi 72, desturi iliyotokana na skrini za safu 80, ambazo nazo zilirithi upana wa kadi za kutoboa za IBM. Kwenye kompyuta inapendeza. Kwenye simu ni mateso: skrini inabeba labda herufi 40, kwa hiyo kila mstari unavunjika mara moja na kuacha kipande, na unapata mstari mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, ukurasa mzima.

Njia ya pili ni kuiacha aya yote kuwa mstari mmoja na kila skrini ijipangie. Msomaji anafurahi. Mhakiki anateseka, maana ukibadilisha neno moja, programu ya kulinganisha matoleo inaonyesha aya nzima kuwa imebadilika.

Njia ya tatu ni kila sentensi mstari wake. Ni ushauri wa zamani. Brian Kernighan aliwapa waliokuwa wakijifunza UNIX, mfumo wa kuendeshea kompyuta, miaka ya 1970, enzi za troff, programu ya kupanga maandishi ya kuchapwa, kwamba waanze kila sentensi kwenye mstari mpya na kuvunja mistari mahali penye kituo cha asili, kwa sababu marekebisho yatakuwa rahisi. Nimeijaribu kwenye faili tatu. Ulinganisho wa matoleo umekuwa safi mno. Lakini faili ghafi imekuwa kama shairi guni: mistari haina mizani, mmoja maneno manne, mwingine arobaini.

Nilimpelekea Mwalimu nikitegemea ailaani. Akasoma ukurasa mzima, akasema, "Hii imenisaidia. Naona sentensi ipi ni ndefu kupita kiasi." Na kweli, baada ya siku moja tu waandishi wameanza kufupisha sentensi zao bila kuambiwa, kwa sababu sasa ndefu inajitokeza kama jino lililochomoza. Tumeichukua njia hii, kwa masharti: sentensi ikizidi mistari miwili ya skrini ya kawaida, iandikwe upya.

Siku ya 16

Orodha zenye namba. Markdown inaruhusu uandike 1. mbele ya kila hatua na mashine ihesabu yenyewe. Mwandishi anapenda, maana akichomeka hatua katikati habadilishi chochote. Msomaji wa faili ghafi anaona hatua sita zote ni ya kwanza, na mwenzake akimwambia "rudia hatua ya nne" lazima ahesabu kwa kidole. Tunaandika namba halisi. Ukichomeka hatua, badilisha namba zilizobaki. Ni kazi ya dakika moja ya mwandishi, inayomwokoa kila msomaji.

Kwa aya za ndani ya hatua, kanuni tuliyoiandika ni moja: herufi ya kwanza ya aya ikae chini ya herufi ya kwanza ya hatua. Kwenye "9. " hiyo ni nafasi tatu, kwenye "10. " ni nne. Tulipata kosa hapohapo kwenye hatua ya kumi: mtu aliendeleza nafasi tatu zake za awali, aya ikatoka nje ya orodha. Uzuri ni kwamba ukiitazama faili unaliona kosa, aya imepinda kwa herufi moja. CommonMark imeifanya mashine ipime jinsi jicho linavyopima, na kwa hilo peke yake nawashukuru walioiandika.

Siku ya 20

Majedwali, na hapa sina furaha. Yale ya reStructuredText yaliyochorwa kwa vistari, alama za kujumlisha na mistari wima ni mazuri kuyasoma kuliko yote niliyoyaona. Ni jedwali hasa, limesimama. Jaribu kubadilisha neno moja liwe refu zaidi, uchore upya ukuta mzima. Yale ya mistari wima mitupu, ambayo wengi wameyaongeza juu ya Markdown ingawa hayamo kwenye CommonMark yenyewe, ni rahisi kuandika, na yakiandikwa haraka safu hazilingani na hakuna jicho linaloweza kushuka nazo.

Tulipoyapitia majedwali yetu 27, mengi yalikuwa ya safu mbili: jina la mpangilio na maelezo yake. Hizo ni orodha zilizovalishwa nguo za jedwali. Tumezivua. Yamebaki manne ya kweli, yenye safu nne au zaidi. Hayo tumeyalinganisha safu kwa mkono, na tumekubaliana kwamba ndani ya chumba cha jedwali lisiingie kitu kirefu kuliko maneno matatu. Maelezo yakae chini, kila moja na jina lake.

Siku ya 23

Mwalimu amesoma tena. Nimempa faili ileile ya siku ya tatu, ikiwa imeandikwa upya, ghafi. Amesoma "Fungua faili ya mipangilio kisha badilisha mstari wa kwanza" kwa pumzi moja. Kwenye onyo la nyota mbili alipandisha sauti zaidi kuliko kwenye nyota moja, jambo ambalo sikulitarajia. Kwenye kizuizi cha amri alinyamaza, akanionyesha kwa kidole. "Hapa hapasomwi. Hapa panafanywa." Akaendelea chini ya uzio.

Alisimama mara moja, kwenye jedwali. Alilisoma kwa kwenda chini, safu ya kwanza yote, kisha ya pili, badala ya kwenda pembeni. Dada wa programu ya kusomewa skrini ameliripoti jedwali hilohilo kwa sababu iliyo kinyume: yeye linamjia kwa kwenda pembeni tu, na akifika chumba cha nne cha mstari wa tatu hakumbuki tena safu inaitwaje.

Faili 58 zimehamishwa. Tatu zilizobaki ndizo zenye majedwali hayo manne. Kesho ninaanza kuliandika la kwanza kama vifungu vinne vyenye vichwa, kila kifungu na orodha yake, nione kama wote wawili watapita bila kusimama.